Taa Nyekundu ya Stumai

"Severini, usinishike. Nisikilize kwanza."

Stumai alisimama mlangoni, mvua inamchuruzika. Jumapili padre alikuwa atangaze ndoa yetu.

"Kuna mwanaume mwingine?"

"Ingekuwa nafuu. Ile ndege iliyokuja Michenga kumchukua marehemu Brigitha..."

Nikakaa. Brigitha ndiye mke wangu wa kwanza. Mafuriko yalikata barabara ya Ifakara, uzazi ukamkwama. Ndege ikazunguka juu yetu, ikarudi ilikotoka. Akafa mchana ule ule. Tangu hapo namlaani rubani yule mwoga.

"Hakuogopa," Stumai akasema. "Siku ile zamu ya kiwanja cha ndege ilikuwa yangu, na redio ilikuwa mbovu. Bwana Gosbert alikuwa ameniachia taa ya ishara, akaniambia, 'Ndege ikija, iite.' Nikaweka rangi nyekundu ionekane kwenye mvua, nikaipepesa. Si ndivyo tunavyomwita mtu ng'ambo ya maji? Washa, zima, washa, zima: njoo, nipo hapa!"

"Ndivyo. Sasa?"

"Juzi kwenye semina ya kazini wametuambia nyekundu ya kupepesa, kwa rubani, ni kwamba kiwanja ni hatari, usitue. Ya kumruhusu ni kijani, imetulia. Nilimfukuza, Severini. Mimi!"

Nikachukua simu, nikampigia Gosbert, msimamizi wa kiwanja.

"Gosbert! Stumai ulimfundisha ile taa?"

"Hata salamu hakuna? Wakati ule semina haikuwa kwenye bajeti, ndugu yangu. Taa nilimpa, na akili nayo nimpe?"

"Wewe ulikuwa wapi siku ile?"

"Kikaoni, Morogoro. Tulikuwa tunajadili mafuriko."

Nikakata. Hao ndio wakubwa wetu. Maji yanatuzamisha sisi, posho wanakula wao!

Stumai alikuwa anavua pete.

"Ungenyamaza nisingejua," nikamwambia.

"Unamtukana rubani, mimi nakupakulia wali? Ningeweza mpaka lini?"

Simu ikalia, ujumbe wa padre: "Severini, kuna pingamizi lolote kabla sijatangaza?"

Stumai akausoma begani kwangu. "Mjibu ukweli."

Nikaandika polepole, maana herufi zinanisumbua: "Hakuna, padre. Ila Jumatatu mimi na mke wangu tunaenda kwa mkuu wa wilaya kumshitaki Gosbert."

"Hayo ya Gosbert padre hajauliza," akasema, anacheka huku analia.

"Acha ayatangaze yote. Rudisha pete kidoleni."