Mkaratusi wa Nyuma ya Tangi

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Keely Petherick aliwapa kuku chakula, akawawekea mbwa maji, kisha akasimama nyuma ya nyumba kuwatazama kasuku weusi. Walikuwa wawili, dume na jike, wenye mabaka ya njano mkiani. Walikuwa wakilea kifaranga ndani ya tundu la mkaratusi mkubwa uliosimama nyuma ya tangi la plastiki la maji ya mvua. Keely alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na hakukumbuka mwaka ambao ndege hao hawakuja.

Baba yake, Glenn, aliutazama mti huohuo kwa macho mengine. Kiangazi kilichotangulia, moto wa nyika ulivuka bonde na kuteketeza nyumba ya jirani yao, mzee Lorimer. Mzee huyo alitoka na nguo alizovaa tu, akahamia mjini na hakurudi tena. Tangu hapo, kila upepo mkavu wa joto wa kaskazini ulipovuma, Baba alikesha.

Jumamosi moja Baba alitoka na futi kamba. "Keely, hebu njoo unishikie huku."

Watu wote wa wilaya ya Tarrawick waliijua kanuni. Mti ulio ndani ya mita kumi kutoka kwenye nyumba uliweza kukatwa bila kibali, kwa ajili ya kujikinga na moto. Kwa mti wa asili ulio mbali zaidi ya hapo, ilikuwa lazima kuomba kibali cha halmashauri. Keely akaweka mwisho wa futi kwenye ukuta wa jikoni.

"Siyo hapo. Shika kwenye tangi."

"Lakini Baba, tangi siyo nyumba."

"Tangi likiyeyuka, moto tutauzima kwa mate? Shika hapo bwana."

Keely akashika. Ukipima kutoka kwenye tangi, mti ulikuwa ndani ya mita kumi. Baba aliridhika, akavaa viziba masikio na kuwasha msumeno wa mashine.

"Na kifaranga je?" Keely alipaza sauti. Baba hakusikia.

Mti ulianguka kabla ya chakula cha mchana, na shina likapasuka palepale penye tundu. Kifaranga kilikuwa kimeota nusu ya manyoya yake. Shingo ilikuwa imevunjika. Keely alikizika kando ya uzio, Baba akiwa amesimama karibu na kofia mkononi.

"Pole, mwanangu," alisema. "Nilidhani kimesharuka."

Jioni ile kasuku wawili walirudi. Walizunguka juu ya mahali palipokuwa na mti, wakilia. Kesho yake walirudi tena, na keshokutwa vilevile.

Siku chache baadaye pikapu ya halmashauri iliingia uani. Mpita njia mmoja alikuwa ameona mti umelala, akapiga simu. Bi Marchetti, afisa mipango, alisalimia, akapima kutoka ukuta wa jikoni hadi kwenye kisiki, kisha akapima tena.

"Mita kumi na tatu, Glenn. Na hukuwa na kibali."

Baba alibadilika rangi. "Sisi tulipata tisa na kitu," alisema. "Keely ndiye aliyeshika mwisho wa futi. Watoto, si unajua tena. Labda hakuibana vizuri ukutani."

Bi Marchetti alimgeukia Keely. Keely alimtazama Baba, lakini Baba alikuwa akitazama buti zake. Hakuwahi kumwona amenywea namna ile.

"Ndiyo," alisema. "Nilikosea mimi."

Bi Marchetti hakuandika kitu. "Sawa. Nitarudi Alhamisi," alisema.

Habari hazikukawia kufika kwenye basi la shule. "Mpisheni mpima ardhi!" Darcy Boyle alipiga kelele kutoka viti vya nyuma. "Keely, tupimie na basi hili, halafu baba yako aje alikate!"

"Muulize kwanza," mwingine akadakia, "kutoka puani kwake hadi mdomoni ni mita ngapi!"

Basi zima likacheka. Keely aligeuzia uso dirishani. Hata hivyo, utani ule haukumuumiza kama chakula cha jioni. Baba alimsogezea kipande kikubwa zaidi cha nyama ya kondoo, lakini hakumtazama.

Alhamisi Bi Marchetti alirudi kama alivyosema. "Sikuja kukutisha, Keely," alisema. "Ripoti yangu itasomwa na madiwani. Inatakiwa ieleze kilichotokea, si zaidi ya hapo. Nionyeshe tu uliposhika siku ile." Akampa mwisho wa futi.

Keely aliutazama ukuta wa jikoni. Ilikuwa rahisi sana kuugusa. Angeugusa, Baba angepumua. Lakini kifaranga kilikuwa chini ya udongo kando ya uzio, na hakikufa kwa sababu yeye hajui kupima. Alitembea hadi kwenye tangi, akabana futi pale. Machozi yalikuwa yakimtoka.

"Hapa," alisema. "Nilishika hapa."

"Kwa nini hapo?"

Keely alimgeukia Baba.

"Kwa sababu nilimwambia mimi," Baba alisema. "Alianza kushika ukutani, nikamtoa. Mtoto alipima sawasawa. Mimi nilimsingizia."

Bi Marchetti alikunja futi taratibu. "Wengi hukosea hivyo, kupima kutoka kwenye tangi. Kosa hilo lina faini, na utalipa. Lakini ungenipigia simu kabla, ningekuja. Mti ulikuwa karibu na nyumba, na moto wa mwaka jana sote tuliuona. Huenda kibali kingetoka, kwa sharti la kusubiri kifaranga kiruke. Zilikuwa zimebaki wiki chache tu."

Baba alikaa juu ya kisiki, akafunika uso kwa mikono yake.

Shauri lile halikufika mahakamani. Baba alilipa faini, akazungushia uzio mteremko wa kando ya kijito ili kondoo wasiingie, na akaamriwa kupanda humo miti ya asili. Majira ya baridi yalipofika, yeye na Keely walianza kupanda.

"Huu utakuwa na tundu la kulea ndege lini?" Keely aliuliza, akiwa ameshika mche mwembamba.

"Baada ya miaka mia, au zaidi. Mimi sitaliona. Wewe pia hutaliona."

Walipanda miche kadhaa zaidi. Kisha Baba akaegemea sepeto lake.

"Keely, nisikilize. Mti niliukata kwa woga na kwa haraka. Kukusukumia wewe kosa langu mbele ya yule mama, hapo nilijua ninachofanya. Faini ya mti nimelipa. Ya kukusingizia wewe, halmashauri haiwezi kunipangia. Nisamehe. Na asitokee mtu wa kukubebesha uongo wake, hata akiwa baba yako."

"Nilitaka kukusaidia, Baba."

"Najua. Lakini uliponisaidia kudanganya, sikuweza hata kukutazama usoni. Ulinisaidia Alhamisi ile, uliposhika tangi mbele ya yule mama." Alifukia mizizi ya mche, akaushindilia udongo kwa buti. "Na ukiwa na shaka, uliza kabla hujakata. Ukishakata, hata ukipewa jibu zuri, halikufai kitu."