Mageni Alipoacha Vidonge

Mageni alikaa mlangoni pa bani la kukaushia tumbaku, pale Ushetu, akichambua majani. Mumewe, Kalisti, alikuwa akiyafunga mafungu pamoja na vibarua.

Ghafla harufu ya tumbaku ikawa tamu. Mwanga ukatanda juu ya kila kitu, laini kama asali. Sauti ya Kalisti ikasogea mbali, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya mbuga. Mageni aliijua hali ile, kama ndoto. Ndiyo iliyokitangulia kifafa chake kila mara.

"Baba Juliana..." alianza. Hakumaliza.

Alipofumbua macho, alikuwa amelala ubavu, kanga imekunjwa chini ya kichwa. Jirani yao Zuhura, mhudumu wa afya, alikuwa amepiga magoti kando yake.

"Uko nyumbani, mayu. Pumzika," alisema Zuhura, akimwita mama kwa Kisukuma.

Kalisti alisimama na kijiko mkononi. "Nilitaka kumtia hiki mdomoni asijing'ate. Vibarua wamekimbia, wanasema povu la mdomoni mwake linaambukiza."

"Kifafa hakiambukizi," alisema Zuhura. "Na kijiko kingemvunja meno. Usimtie kitu mdomoni, wala usimkandamize. Mlaze ubavu, uangalie saa. Akitetemeka zaidi ya dakika tano, mkimbize hospitali. Kifafa kikimshika muda mrefu, ubongo unaweza kuumia."

Kisha akamgeukia Mageni. "Vidonge unameza?"

"Niliacha, dada. Nilijiona nimepona."

"Ulitulia kwa sababu ya vidonge. Kifafa kisipotulizwa kinaweza kuua ghafla, hata mtu akiwa usingizini. Si wengi wanaopatwa na hilo. Lakini hutokea, na dawa ya kila siku hupunguza hatari."

"Juliana wangu ana miaka sita," alisema Mageni. "Yeye ndiye huniamsha asubuhi."

Kalisti alikiweka kijiko chini.

Kesho yake walikwenda kituo cha afya. Daktari alimwanzishia tena dawa, akamwonya asiache bila kumwuliza. Mwanzoni vidonge vilimletea usingizi. Alirudi kueleza, daktari akarekebisha kipimo cha dawa. Kazi yake ya kuchochea moto wa bani akaichukua Kalisti, mkewe asije akaanguka motoni.

Miezi tisa ikapita bila Mageni kuanguka.

Asubuhi moja ya ukungu, mwanamke aitwaye Violeth alibisha hodi. Alitoka kijiji cha pili. Mdogo wake alikuwa na kifafa, na mwaka wa tatu sasa walikuwa wakimficha chumbani.

"Nimesikia wewe umepata nafuu," alinong'ona. "Ulifanyaje?"

Mageni alivaa viatu. "Twende tukamchukue," alisema. "Kliniki ya kifafa ni leo."