Simu Isiyoita Engaruka

"Wewe unafanya nini humu?"

Dorkasi alikuwa ameshafungua mlango wa mbele wa Landkruza, mguu mmoja ndani, mwingine bado kwenye matope ya Karatu. Nyuma ya usukani alikaa mwanamume ambaye Dorkasi aliapa kutomwona tena.

"Dereva wenu ana malaria," Lekoko alisema bila kumtazama. "Ofisi iliniita jana. Hawakuniambia mwongoza watalii ni wewe."

"Wangekuambia ungekataa?"

"Panda, Dorkasi. Wageni wanatuangalia."

Kwenye kiti cha nyuma walikaa wazee wawili wa Kiholanzi, mume na mke. Siku hiyo walitaka kushuka hadi mji wa Mto wa Mbu, kisha waende Engaruka kuona magofu ya mji wa mawe uliojengwa kando ya mto zamani sana. Dorkasi akavaa tabasamu la kazi, akapanda.

Alikuwa amempenda Lekoko miaka miwili. Yeye Mwiraqw wa Rhotia. Lekoko Mmasai wa Arash, kule Loliondo. Mwaka jana Lekoko alikuwa alete wazee wake kuposa. Dada yake Dorkasi, Marsela, aliyemlea tangu mama yao afariki, alipika kuanzia alfajiri. Viti vilipangwa, majirani wakaja, na Lekoko hakutokea. Dorkasi alimpigia mpaka jioni, simu ikaita bila kupokelewa. Baada ya hapo, kimya.

Sasa alivaa pete ya Josephati, mwenye duka la pembejeo pale Karatu. Matangazo ya ndoa yao yalishasomwa kanisani mara mbili. La mwisho lilikuwa lisomwe Jumapili hii.

Waliteremka ule mlima wa kwenda Mto wa Mbu, ziwa likionekana chini.

"Hiyo pete ya nani?" Lekoko aliuliza.

"Angalia barabara."

"Nimekuuliza."

"Ya mtu ambaye akisema atafika, anafika."

Lekoko alibadili gia kwa nguvu mpaka bibi wa Kiholanzi akashika kiti cha mbele.

Pale Mto wa Mbu Dorkasi aliwaonyesha wageni mashamba ya migomba na mifereji, akawaeleza jinsi watu wa makabila mengi walivyofuata maji wakajenga mji. Sauti ilikuwa thabiti. Kule Engaruka alifanya hivyo hivyo, akiwapitisha kati ya kuta za mawe.

"Kwa nini walihama?" bibi aliuliza kwa Kiingereza.

"Hakuna mwenye uhakika. Wengine wanadhani mto ulipungua."

Wageni walipokaa kula, Lekoko akamfuata nyuma ya ukuta.

"Mimi nilifika," alisema.

"Ulifika wapi?"

"Tulikuwa tumeshapita geti la Ngorongoro, mimi na baba na wazee wawili, meseji yako ikaingia."

"Meseji gani?"

"Usinifanye mtoto."

"Lekoko, meseji gani?"

Akamwonyesha. Alikuwa ameitunza muda wote huo: *Usije. Nyumbani wamekataa na mimi nimekubaliana nao. Kama ulinipenda usinipigie tena, usinitie aibu mbele za watu.*

"Baba alikuwa pembeni yangu," Lekoko alisema. "Unajua kumwambia mzee kama yule ageuze njia ni kitu gani?"

"Sikuandika mimi."

"Namba ni yako."

"Namba yangu, maneno si yangu! Na nilipokupigia mbona hukupokea?"

"Nilikuwa na hasira siku ile. Lakini kesho yake nilikupigia, na siku zilizofuata. Kila mara naambiwa unaongea na simu nyingine."

"Hujawahi kunipigia!"

"Nimepiga, Dorkasi!"

Mzee wa Kiholanzi aliinua uso kutoka kwenye mkate wake. Wote wawili wakamchekea. Naye akacheka, lakini hakuonekana kuamini.

"Piga sasa," Dorkasi alinong'ona, akaweka simu yake juu ya jiwe.

Lekoko akapiga. Mtandao ulikuwepo. Simu ya Dorkasi haikuita wala kutetema. Ilikaa pale kama jiwe lenyewe. Kwenye simu ya Lekoko, sauti ya mwanamke ilisema namba hiyo inatumika.

"Piga tena."

Ikawa vile vile. Dorkasi akaichukua simu yake, akapekua mpaka akakuta: namba ya Lekoko ilikuwa imefungiwa isiingie.

"Mbona hukuja mwenyewe?" aliuliza.

"Nilikuja nyumbani kwenu. Dada yako alinikuta mlangoni, akasema una mtu wako, nikuache upumue. Na wewe, mbona hukunitafuta?"

"Mwanamke aliyeachwa mbele ya majirani aende Arash kufuata nini?"

Kisha akakumbuka. Siku ya posa alikwenda saluni, simu akaiacha nyumbani ikichaji. Nyumbani alibaki mtu mmoja tu.

Lekoko aliangalia mlimani. Mawingu yalikuwa yamekaa meusi juu ya nyanda za Ngorongoro.

"Waite wageni. Korongo likijaa hatuvuki."

Walichelewa. Njiani kurudi walikuta maji ya kahawia yakipita kwa kishindo, yakiburuta matawi. Lekoko alizima gari mbali na ukingo, wageni wakabaki ndani. Dorkasi alishuka akapiga simu, akaweka sauti ya nje ili Lekoko, aliyeshuka naye, asikie.

"Dada."

"Mdogo wangu, mmefika wapi? Josephati ameshakuulizia—"

"Siku ya posa ulimwandikia nini Lekoko?"

"Nani amekuambia?" Marsela aliuliza.

Dorkasi alifumba macho. Alikuwa bado na tumaini kwamba dada yake angekana.

"Nijibu, dada."

"Ungekwenda Arash. Mimi ningebaki na nani? Ulipoingia sekondari, Yohani alitaka kunioa, kwa sharti nikupeleke kwa shangazi. Nilimkataa. Sikukuambia, usije ukaona ni deni. Siku ile nikaviona vile viti vimepangwa, nikaona nyumba yote imebaki na mimi peke yangu. Nikashika simu yako, nikamwandikia, nikaifuta meseji, nikamfungia namba."

"Kwa hiyo ukanitafutia Josephati."

"Duka lake liko hapa hapa. Ningekuona kila siku."

"Nililia, Marsela. Ukaniletea uji kitandani. Ukaniambia wanaume wa porini ndivyo walivyo. Ulikuwa unajua!"

"Nilikuwa najua."

Dorkasi akakata simu. Lekoko alisogea, akanyoosha mkono.

"Usinishike," Dorkasi alisema. "Nimevaa pete ya mtu ambaye hajanikosea kitu. Nitamwambia yeye kwanza. Ukinisubiri sawa, usiponisubiri sawa."

"Nitasubiri."

Jioni maji yalishuka. Lekoko alipima kina kwa fimbo, kisha akavusha gari polepole, wakaendelea mpaka Karatu.

Josephati alikuwa nje ya ofisi na pikipiki yake, amembebea Dorkasi jaketi. Dorkasi alimweleza yote, amesimama, bila kumficha jina la mtu.

"Marsela alijua haya wakati ananiletea habari zako?" Josephati aliuliza.

"Alijua."

"Basi tumechezewa wote." Alitazama gari, akamwona Lekoko. "Na mimi ulinipenda?"

"Nilikuheshimu. Nilidhani inatosha."

Josephati aliipokea pete, akaizungusha kidogo kiganjani.

"Kesho tuende wote kwa paroko, asisome tangazo. Sitaki watu waseme nilikukimbia, wala kwamba wewe ulinikimbia. Vaa jaketi, baridi ya huku unaijua."

Akawasha pikipiki, akaondoka bila kugeuka. Dorkasi alilia pale pale barabarani, kwa ajili yake.

Wiki chache baadaye Lekoko aliomba posa irudiwe, na Mzee Kakuta, baba yake, alikubali kurudi kwa sharti moja: aliyewageuza njia amwambie kwa mdomo wake. Ilipofika siku hiyo, sebule ilijaa shuka nyekundu na makoti ya wazee wa Rhotia. Marsela alisimama katikati, birika mkononi.

"Mzee, ni mimi niliyewarudisha. Mtoto hakujua."

"Kwa nini?"

"Niliogopa kubaki peke yangu."

"Njia nzima sikumsemesha mwanangu," Mzee Kakuta alisema. "Nilimwona ni mjinga aliyenidhalilisha. Mimi nakudai msamaha mdogo. Mwombe yeye."

Marsela alimgeukia Lekoko. Birika liliinama mkononi, likaanza kumwaga chai sakafuni.

"Lekoko, nisamehe."

"Nimesikia," Lekoko alijibu. "Nipe muda."

Kwa wiki zote hizo Dorkasi alikuwa akimpa Marsela salamu tu, basi. Alikuwa amepanga hata siku ya harusi iwe hivyo. Lakini aliinuka, akavuka sebule, akalichukua lile birika mikononi mwa dada yake.

"Kaa, dada," alisema. "Chai nitagawa mimi."