Mayerlin Atafuta Daktari wa Macho

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mayerlin alimshika mama yake mkono akampeleka kazini, kwenye kiwanda cha kubangua kastanya, zile njugu kubwa za msituni zenye ganda gumu, kule mjini Riberalta, bondeni. Eudocia, mama yake, alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili. Alibangua kwa kupapasa, na vidole vyake vilijaa makovu. Msimamizi alikwisha kumwonya kwamba asipotibiwa mwaka huo, kazi hana.

Ndiyo maana siku ile walishuka katika jiji la La Paz, baada ya kukaa kwenye basi siku mbili. Daktari wa macho angewaona kabla ya saa sita mchana. Wakimkosa, wangesubiri miezi minne mingine. Kituoni Eudocia alitaka waulize njia kwenye dirisha la tiketi. Mayerlin, mwenye umri wa miaka kumi na miwili na kiburi cha mtu mzima, akakataa.

"Njia naijua, mama. Niliiona kwenye simu ya mjomba."

Aliiona kweli, mara moja tu, tena wiki iliyopita. Walipofika njia panda ya pili, kichwani hamkubaki kitu.

Akaanza kuuliza wapita njia. Sasa, watu wa La Paz ni waungwana kupita kiasi. Mgeni akiwauliza njia huona haya kumwacha mikono mitupu, basi humpa njia yoyote ile. Bwana mmoja mwenye mkoba aliwaelekeza juu. Wakapanda ngazi zaidi ya mia, vifua vikiwabana, maana mji ule uko milimani na hewa yake ni haba. Huko juu walikuta kiwanja cha mpira. Mwuza magazeti akawarudisha chini, kwa uhakika wote, hata idadi ya kona akawatajia. Mayerlin alizihesabu zote. Kwenye kona ya mwisho palikuwa na duka la majeneza. Hasira zilimpanda mpaka machozi yakamlengalenga. Watu gani hawa, wanakupoteza huku wanatabasamu!

Eudocia aliketi ukingoni mwa barabara, anahema, midomo imebadilika rangi.

"Mayerlin, niambie kweli. Unajua tulipo?"

Ilikuwa saa tano na nusu. Mayerlin aliinamisha kichwa.

"Sijui, mama. Hata asubuhi nilikuwa sijui."

Mama hakumfokea, na hilo lilimuuma zaidi.

Karibu nao bibi mmoja alikuwa akikamua machungwa kwenye mkokoteni. Mayerlin akampa karatasi yenye jina la zahanati ya yule daktari. Bibi akaisoma mara mbili, akatikisa kichwa.

"Hii siijui, binti. Nikinyoosha kidole tu nitawapoteza. Lakini yule atajua."

Akamwita mwuza gesi, aliyekuwa akigonga mitungi yake kwa chuma ili wateja watoke. Mtu huyo aliingia kila nyumba ya mtaa ule. Hakufikiri hata kidogo: zahanati iko nyuma ya kituo cha basi, mlango wa tatu.

Yaani pale pale walipoanzia! Mayerlin alitamani kulia kwa sauti. Mwuza gesi akawapakia kwenye gari lake, wakafika zikiwa zimebaki dakika kumi. Mwuguzi alinung'unika, akamtazama Eudocia anavyohema, akawaruhusu. Daktari alimpima, akasema atamfanyia upasuaji Alhamisi.

Walipokaa kwenye benchi, Eudocia alivuta pumzi ndefu.

"Wale watu wametupoteza, ni kweli. Lakini wa kwanza kunipoteza ni wewe. Yule bibi aliyesema hajui ndiye aliyetufikisha. Mimi natembea kwa macho yako, mwanangu. Usipoona, niambie huoni."

Mwuguzi akatoka na kichupa cha dawa ya matone, akamwuliza Mayerlin kama anajua kuitia machoni. Mayerlin alifungua mdomo kusema ndiyo, akamtazama mama yake.

"Hapana, dada," akasema. "Naomba unifundishe."