Simenti Iliyokaa Bure

Kikohozi kilitoka redioni saa ambayo redio haikutakiwa kutoa hata pumzi.

Jioni, baragumu la kome likipulizwa kanisani, kijiji chetu kizima, Fagaloto, hukaa. Aliye njiani husimama pembeni, sufuria huepuliwa, watoto hunyamazishwa kwa jicho, na kila nyumba husali. Redio ya Aukuso nayo hunyamaza, kwa sababu wazee walimruhusu kurusha matangazo kwa sharti hilo moja tu. Wengi hawazimi redio zao wakati huo. Huziacha zikivuma ule mvumo wa kimya mpaka sala iishe. Na ndani ya mvumo huo, jioni moja, mwanamke mzee alikohoa. Kilikuwa kikohozi cha tumbaku, kirefu, cha mtu anayesafisha koo ili aseme neno lake.

Watu wazima walifumbua macho katikati ya sala wakatazamana. Kikohozi kile walikijua. Mwenyewe alikuwa amezikwa mbele ya nyumba ya Aukuso, chini ya mlingoti wa redio.

Huyu Aukuso alikuwa mtu wa vyombo. Alirudi kutoka ng'ambo, Auckland, na maboksi yaliyojaza pikapu mbili, akageuza chumba cha pembeni kuwa kituo, na kila jioni kabla ya baragumu akawa anaketi humo na kusema chochote kilichomjia kichwani. Simu yenye kamera tatu, alisema, ni ya mtu asiyejua anataka kupiga picha ya nini. Feni yenye rimoti inamfaa aliyekatwa miguu. Televisheni iliyo pana kuliko mlango ni kesi kati yako na seremala. Akitoka hapo anahamia kwenye maisha: magimbi ya siku hizi hayana ladha, na mahubiri ya Jumapili yangewekewa kitufe cha kuruka mbele. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Kila hoja aliifunga kwa neno lake lile lile, kwamba kitu kisicho na kazi kimekaa bure, na kilichokaa bure kipewe kazi au kitolewe.

Kaburi la bibi yake, Taligi, liko mbele ya nyumba kama yalivyo ya kwetu sote, limejengewa juu na kusakafiwa vizuri. Juu ya makaburi tunaanika nguo, tunakaa kula shelisheli, watoto wanafanyia hesabu zao. Hakuna kosa hapo. Kumkalia marehemu ni kumtembelea. Lakini mlingoti wa antena ulitaka msingi mzito, na Aukuso alipoangaza macho uani aliuona msingi uko tayari. Akatoka na drili.

Mkewe, Vaosa, alimkimbilia na mwiko mkononi.

"Utamtoboa bibi yako?"

"Yuko chini huko, drili haifiki. Halafu simenti ni yangu. Nilituma mwenyewe."

"Ulituma simenti. Wewe hukuja."

"Si nimekuja sasa? Simenti nzuri namna hii, Vaosa, imekaa bure."

Akatoboa. Unga wa simenti ukaruka ukamwingia Vaosa kinywani, akatema mate kutwa nzima. Jioni hiyo hiyo Aukuso alikisimulia kisa hewani kama mzaha, akawashauri wasikilizaji watazame kwanza kilichokaa bure uani kwao kabla ya kwenda kununua mifuko ya simenti mjini Apia.

Mtu huyo ndiye aliyelelewa na Taligi tangu alipoachishwa ziwa. Bibi alimbeba, akampigania shuleni, akauza mikeka yake ili mjukuu apate nauli ya ndege. Alipozeeka alihamishia mkeka wake upande wa barabara, akakaa hapo na redio yake ya betri na tumbaku yake, akisikiliza matangazo ya vifo na kuuliza kila gari lililopita kama limetoka uwanja wa ndege. Alipokufa, mjukuu alihudhuria mazishi kwenye simu iliyoegemezwa juu ya kiti, na katikati ya wimbo wa mwisho chaji ikaisha. Basi alituma simenti. Nikikumbuka hilo damu inanichemka, na mimi si hata ndugu.

Baada ya kikohozi ikaja harufu. Aukuso akivaa hedifoni chumba kinajaa mafuta ya nazi yaliyotiwa mlangilangi, na juu yake moshi wa tumbaku ya kusokota, ingawa yeye havuti na mkewe havuti. Ikafuata sauti ya upepeo wa ukindu, ile ya mtu mnene anayejipepea kwa hasira, pa, pa, pa, hapo hapo nyuma ya shingo yake. Alikagua nyaya. Alisema ni mawimbi ya kituo kingine yanavuja. Akabadilisha kipaza sauti.

Siku aliyokuwa anasifia feni za umeme, sauti ilimkatiza hewani.

"Mwongo," ilisema. "Feni yako ilinipa baridi ya kifua."

Fagaloto ilipasuka kwa kicheko. Walidhani amepata mchekeshaji wa kuigiza vibibi. Kesho yake ile sauti ikamjibu kuhusu simu, kwamba simu ni kijisanduku cha kuzikia watu ukiwa mbali. Kesho kutwa ikasema televisheni inamfaa mtu asiyekuwa na barabara ya kutazama. Vijiji vya jirani vikaanza kutega masikio. Duka moja la Apia likampigia Aukuso likitaka matangazo yake yasomwe na "yule bibi mkali". Aukuso aliacha kukagua nyaya.

Wakati huo sauti ya Vaosa ilikuwa inakwisha. Ilianza kukwaruza tu. Alikuwa kiongozi wa sauti za juu katika kwaya, na Jumapili moja alifungua kinywa ikatoka hewa tupu. Daktari alimulika koo lake akaona ni safi. Nyumbani alizungumza kwa mikono, na kadiri bibi alivyoongea kwa muda mrefu zaidi redioni, ndivyo Vaosa alivyoamka amekonda zaidi, hata kanga yake ya kiunoni ikawa inamzunguka mara mbili. Wanawake wa kwaya walimsihi Aukuso aung'oe ule mlingoti. Aliwajibu kwamba koo ni koo na antena ni antena. Sikio la kufa halisikii dawa.

Halafu akaona kwa macho yake. Alikuwa ndani, bibi anaunguruma hewani juu ya wajukuu wa siku hizi, naye anachekacheka akitazama mshale wa sauti ukipanda, ndipo akahisi kiu akanyanyua pazia ili amwite mkewe alete maji, na pale nje, katika jua la jioni lililokuwa bado jekundu, akamwona Vaosa ameketi juu ya kaburi, amekunja miguu kama wanavyoikunja wazee, mgongo umeegemea mlingoti, mkono wake mwembamba unapunga upepeo pa, pa, pa kama mkono wa mtu mnene, na midomo yake inakwenda, inakwenda, kila neno lililotoka redioni likitanguliwa na midomo ile kwa kitambo kidogo, wakati macho yake mwenyewe, macho ya Vaosa, yamemkodolea mumewe na machozi yanamtiririka mpaka shingoni.

Mtu mwenye akili angezima mtambo saa ile ile. Aukuso aliteremsha pazia. Duka lilikuwa limesema litaanza wiki ijayo, na akajiambia wiki moja haiui mtu. Aliendelea, siku baada ya siku, na mkewe pale nje akipukutika. Hapa ndipo ninapotamani kumpiga kofi, hata leo.

Wanawake wa kwaya hawakungoja hiyo wiki. Walikwenda kumchukua Siueni, mganga wa majani, mama mmoja mfupi mwenye ulimi mkali anayeuza barafu za rangi karibu na shule. Watu wa huku wanajua kwamba jini geni hufukuzwa, lakini mzimu wa nyumbani huulizwa. Siueni alifika kabla ya baragumu, amefunga majani kwenye kitambaa, akapita moja kwa moja hadi kaburini alipoketi Vaosa. Alimpaka majani yaliyotafunwa kooni na kwenye paji la uso. Kisha akamwita Aukuso aje akae chini, chini kabisa, kwenye kokoto. Aukuso alikuja na hedifoni shingoni, akaanza kueleza habari ya mawimbi. Siueni alimwambia anyamaze, akamgeukia Vaosa.

"Mama Taligi, huyu mwanamke amekukosea nini? Mrudishie koo lake."

Redio zote za mtaa zilikuwa wazi, na jibu lilitoka kote, kwenye kila nyumba, kwa mara moja.

"Nani amekaa bure?"

Upepeo ulipiga, pa, pa, pa.

"Nauliza. Nilikaa kando ya barabara nikimngoja mtoto, mvua inaninyea, watu wanasema ingia ndani bibi. Nilikuwa nimekaa bure? Akanitumia simenti nikasema haya, anakuja nyuma ya simenti. Nikaendelea kumngoja humo chini. Akaja. Akaja na chuma."

"Bibi," alisema Aukuso, na sauti yake ilikuwa ya mtoto. "Mimi nilidhani hujui tena lolote."

"Ulikuwa na la kumwambia kila mtu. Feni, simu, magimbi. Kisiwa kizima umekisemesha. Mimi uliniambia nini?"

Vaosa aliinamisha kichwa akakohoa, na kilichomtoka kilianguka juu ya sakafu ya kaburi kikiwa cha kijivu. Siueni alikigusa kwa kidole. Ulikuwa unga wa simenti, mkavu. Hapo mganga akaogopa, tukamwona anaogopa, akamwinamia Aukuso sikioni.

"Anamjaza kutoka ndani," alinong'ona. "Ikifika juu, mkeo anakuwa kaburi. Nenda kaombe radhi kama watu wanavyoomba."

Sisi tuna namna moja ya kuomba radhi kwa jambo zito. Mkosaji huja alfajiri mbele ya nyumba ya aliyemkosea, hupiga magoti, hujifunika mkeka wa heshima kichwa hadi miguu, na hubaki hivyo bila kusema, jua liwake au mvua inyeshe, mpaka mwenye uchungu atoke mwenyewe amfunue. Asipofunuliwa hana la kudai, hata akipigwa jiwe. Ila haya hufanywa mbele ya nyumba ya walio hai. Mbele ya kaburi, atakayeufunua mkeka ni nani?

Aukuso alizima mtambo. Alizifungua bolti kwa mikono, ngozi ya vidole ikambanduka, na wanaume wakamsaidia kuulaza mlingoti. Kulipokucha alipiga magoti kwenye kokoto, amejifunika mkeka alioufuma Taligi mwenyewe, wa mwisho, ule ambao hakuuza. Tulikaa mbali tukatazama. Jua lilipanda likamkaanga. Mvua ya mchana ikaja, mkeka ukamgandama tukaona mabega yake yanatetemeka. Ndani ya nyumba Vaosa alilala chali akihema kwa shida, kila pumzi ikikwaruza kama sepeto kwenye mchanga, na Siueni ameshika mkono wake. Mimi nilisema moyoni, acha aungue, na namwomba Mungu anisamehe kwa kuwa nilimaanisha.

Baragumu likalia. Tukakaa tulipokuwa, tukaanza wimbo, lakini hatukufumba macho, na kwa hiyo tuliuona mkeka ukinyanyuka. Ulinyanyuka upande mmoja taratibu, kama unavyonyanyuliwa na mtu mzee ambaye mgongo wake hautaki, ukakunjwa nyuma vizuri, na uso wa Aukuso ukatokea umelowa. Alitabasamu, macho yamefumba. Baadaye alituambia alisikia harufu ya mlangilangi na kiganja cha moto kikimpangusa paji la uso, akadhani ni mkewe ametoka kumfunua.

"Vaosa," alisema.

"Niko huku ndani," Vaosa akaitika kutoka kwenye mkeka wake, kwa sauti yake mwenyewe, safi. "Mbona unaniita kana kwamba niko hapo?"

Aukuso akafumbua macho. Mbele yake hapakuwa na mtu.

Mlingoti uliuzwa kwa chuma chakavu, na lile duka likapata mtangazaji mwingine. Mashimo ya bolti Aukuso aliyaziba kwa simenti mpya. Yote yalikauka isipokuwa moja, la upande wa kichwani. Kila akilijaza, asubuhi liko wazi, jeusi, upana wa kidole gumba. Siueni alilitazama akasema aliache, mwenye nyumba ametaka dirisha.

Kwa hiyo jioni, kabla ya baragumu, utamkuta Aukuso amejilaza juu ya kaburi, mdomo shimoni, anazungumza. Anamweleza simu mpya zilizoingia, bei ya samaki, nani amefariki na nani amerudi kutoka ng'ambo. Ni kipindi kile kile, mizaha ile ile, ila msikilizaji ni mmoja. Harusi za jioni hahudhurii, Auckland hatarudi tena, na mvua ikinyesha analala hapo hapo ikimnyea, watu wakimwambia ingia ndani, mzee.

Na siku akichelewa, akinogewa na soga dukani, Vaosa hukohoa jikoni. Mara moja tu, kikohozi kirefu cha tumbaku. Aukuso huangusha alichoshika akakimbia.