Odilo Hakuunguza Viazi vya Baba

Mama Hyasinta, jirani yetu hapa Kichiwa, anasema alimwona kwa macho yake. Anasema aliamka kukamua ng'ombe, akamkuta Odilo kasimama kwenye mpaka wa shamba letu la bondeni na lile bomba lake, kalielekeza juu, midomo inacheza. Alipomaliza hesabu zake akalishusha taratibu mpaka likatazama viazi vya baba. Jua lilipotoka shamba lilikuwa jeupe kwa sakitu, ule umande ulioganda kwa baridi, na kufika mchana majani yote yalikuwa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto.

—Mzee Efraimu, huyo kijana si mkwe, huyo ni hasara, alimwambia baba yangu.

Mimi nilikuwa naosha vyombo. Ile sehemu ya bomba kutazama viazi aliiongeza njiani. Asubuhi alipoisimulia kisimani haikuwemo.

Odilo ni mchumba wangu. Ana digrii ya fizikia, na alikuwa amepata nafasi Afrika Kusini kusomea nyota, zinavyozaliwa na zinavyokufa. Mimi niliishia la saba. Lile bomba ni darubini, aliitengeneza mwenyewe kwa bomba la maji na vioo. Walimcheka wote, hata dada yangu Oktavia.

—We Fidelia, huyo atakulisha nini? Nyota ya Zuhura?

—Zuhura haina hata maji, Odilo kaniambia.

—Basi na kunywa hamtakunywa!

Nilicheka na mimi, lakini sikulala vizuri.

Tulitaka tufunge ndoa kabla hajasafiri. Jumapili ya kwanza mchungaji alitangaza majina yetu, hakuna aliyekohoa. Jumapili ya pili ilikuja baada ya ile sakitu. Akatangaza tena, akauliza kama kuna mwenye pingamizi. Baba akasimama. Baba yangu mzazi!

—Mimi ninalo.

Kanisa zima likageuka.

—Lipi, mzee wetu?

—Huyu kijana akitoka nje usiku, asubuhi viazi vinaungua. Mwaka jana hivyo, mwaka huu hivyo. Mtoto sitoi.

—Basi majina tutayasimamisha mpaka wazee mkae, akasema mchungaji.

Wazee hawakukaa.

Siku Odilo anaondoka niliaga nyumbani kwamba nakwenda Lyamkena kununua uzi, nikamfuata stendi ya Makambako.

—Kwa nini hukumjibu baba kanisani?

—Ningemjibu nini, Fide? Amesema kweli.

Nikamtazama.

—Nikitoka, sakitu inaanguka. Kweli kabisa. Mimi nangoja usiku usio na wingu ili nione nyota. Sakitu nayo inangoja usiku huo huo. Wingu ni blanketi. Likikosekana, na upepo ukatulia, joto la ardhi lote linapanda juu. Tunatoka pamoja, mimi na sakitu, ila hatujatumana.

—Ungewaeleza hivyo.

—Nilimweleza mjomba wako. Akasema, kumbe unajua inavyofanyika!

Konda akaanza kuita abiria wa Dar. Odilo akanipa darubini, imefungwa kwenye kanga yangu ya zamani.

—Mimi nitaona nini humu?

—Utaniambia kama kuna wingu.

Wiki zilizofuata alikuwa ananitumia meseji. Moja bado ninayo: "Huku nao wananiuliza mtoto wa viazi anatafuta nini kwenye nyota. Jaribio la kwanza nimefeli. Mzee amesema chochote?"

"Bado," nikamjibu.

"Nikishindwa, huko siwezi kurudi, watanicheka. Nikifaulu pia siwezi, wataniogopa. Umeona?"

"Nimeona."

Jana jioni nilitoka nyuma ya nyumba. Juu hakukuwa na wingu hata la kusingizia, na mparachichi haukutikisa jani. Nikaingia jikoni, baba anaota moto.

—Baba, leo itaanguka sakitu. Tuvifunike vile viazi vya shamba la juu, ndivyo tulivyobaki navyo.

—Nani kakwambia?

—Hakuna wingu, baba. Na upepo umetulia.

—Aliyekuwa anaiita ameondoka. Kalale.

Leo asubuhi shamba la juu lilikuwa jeupe lote. Baba alisimama katikati, kofia mkononi. Mama Hyasinta alikuwa kwenye mpaka, kajifunga shuka. La kwake nalo limeungua.

Nikaona ndiyo nafasi yangu.

—Baba, Odilo yuko Afrika Kusini.

Akatazama majani, mimi nikaendelea.

—Sasa hii nani kaiita?

Baba alifungua mdomo. Nadhani alitaka kunijibu vizuri. Mama Hyasinta akamtangulia.

—Odilo hayupo, lakini bomba lipo. Si analo binti yako? Na jana nimemwona nyuma ya nyumba anatazama juu.

Baba akanigeukia polepole, kama vile mtu anamtazama mgeni.

—Jana jioni aliniambia, alisema baba, si kwangu, kwa Mama Hyasinta. —Aliniambia kabisa kwamba itaanguka.

—Umesikia mwenyewe, mzee.

—Baba, mimi ni mwanao. Unanijua. Twende kwa mchungaji, umwambie si Odilo aliyeiita, wala si mimi. Tafadhali, baba.

Akainama, akavunja shina moja la kiazi. Likatoa maji. Akavunja la pili, amenipa mgongo.

—Baba?