Walinzi Wawili wa Kompyuta

Kila asubuhi, kabla ya kukalia cherehani yake, Mama Pindo aliwasha kompyuta na kumsikiliza mumewe. Mumewe alikuwa amefariki miezi mitano iliyopita. Sauti yake ilibaki.

Marehemu alikuwa fundi wa redio, mtu wa kuchokonoa kila kitu. Uzeeni alijifunza mwenyewe kutengeneza programu ndogondogo za kompyuta. Alipougua na kujua kuwa haponi, alimtengenezea mkewe vitufe saba vikubwa kwenye skrini. Mama Pindo ndiyo kwanza alikuwa anajifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na herufi zilikuwa bado zinamtoa jasho. Kwa hiyo mumewe hakumwandikia. Alimrekodia sauti yake.

Ukibonyeza kitufe cha kwanza, unaambiwa hati za nyumba ziko wapi. Cha pili kinaeleza jinsi ya kufunga maji bomba likipasuka. Katika cha tano marehemu aliimba, Mungu amsamehe, maana hakujaliwa sauti. Cha saba alimwambia mkewe asikibonyeze mpaka yeye mwenyewe awe hayupo.

Sasa hakuwepo, na cha saba kilikuwa bado hakijaguswa. Kila siku mkono wa Mama Pindo ulikikaribia, kisha ukarudi. Aliona kwamba maadamu hajakisikia, mumewe bado ana neno la kumwambia. Akikisikia, basi, yamekwisha.

Siku moja skrini ikaleta maandishi mekundu. Mama Pindo aliyasoma polepole, akaelewa neno moja tu: hatari. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa marehemu. Shemeji alikuja mbio. Akasoma, akamweleza kwamba antivairasi imekwisha muda wake. Hiyo ni programu inayolinda kompyuta dhidi ya virusi, yaani programu mbaya zinazoharibu vitu au kuviiba.

Shemeji hakuwa fundi wa kompyuta. Alikuwa mlinzi katika ghala la saruji. Lakini roho ya kusaidia alikuwa nayo, tena nyingi mno. Aliondoa antivairasi ya zamani, akaweka mpya. Halafu akaweka na ya pili juu yake. Mama Pindo alimuuliza kama moja haitoshi.

"Geti letu lina walinzi wawili, shemeji," alijibu. "Mmoja akisinzia, mwenzake yuko macho."

Ilisikika kama akili. Kumbe ndipo balaa lilipoanzia.

Kesho yake kompyuta ilianza kujikokota. Ukibonyeza kitu, unaweza kutia uzi kwenye sindano tatu kabla hakijafunguka. Feni yake ilinguruma kutwa nzima. Siku ya tatu, vitufe vyote saba vikatoweka.

Mama Pindo alikaa mbele ya skrini tupu. Akamwita tena shemeji. Shemeji aliona bora aondoe mlinzi mmoja, akachagua wa pili. Mashine ilimuuliza swali, akabonyeza Ndiyo. Ikauliza jingine, akabonyeza Ndiyo tena bila kusoma. Kasi ikarudi, lakini vitufe havikurudi. Shemeji akahangaika siku nzima, akipakua kutoka mtandaoni programu hii na ile za kutafuta vitu vilivyopotea. Hola.

Hapo Mama Pindo alijitanda khanga, akaenda kwa Fundi. Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, jirani yao, anayetengeneza kompyuta katika chumba kando ya duka la dawa. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikuja siku ileile, akamtaka shemeji aeleze alibonyeza nini, kwa mpangilio gani. Shemeji alieleza yote, sauti ikizidi kushuka.

Fundi alimfungua mlinzi aliyebaki, akaenda sehemu iliyoandikwa karantini. Alieleza kwamba antivairasi ikishuku kitu, haikifuti palepale. Hukifungia humo, kisiweze kuleta madhara, mpaka mwenye nyumba aamue. Ndani ya karantini vilikuwemo vitufe sita.

"Kwa nini wamfunge mume wangu?" aliuliza Mama Pindo. "Amemkosea nani?"

"Hajakosa, mama. Programu zake zilizaliwa humu ndani, nje hakuna anayezijua. Mlinzi mpya akiona sura ngeni anaishika kwanza, anauliza baadaye."

Ile antivairasi ya zamani marehemu alikuwa ameitambulisha vitufe vyake. Hawa wapya hakuna aliyewaambia. Fundi alihakikisha kwamba vitufe ni salama, akavirudisha, kisha akaviandikisha katika orodha ya vitu vya kuaminiwa. Akabonyeza cha sita ili kukijaribu.

Sauti ya marehemu ikajaa chumbani. "Mke wangu, mdogo wangu ana roho nzuri sana. Lakini chonde chonde, usimpe bisibisi."

Shemeji alicheka, halafu kicheko kikakatika. Kitufe hicho alikuwa hajawahi kukisikia.

Mama Pindo alihesabu kwa kidole. Sita. Akauliza cha saba kiko wapi.

Fundi alikitafuta kila mahali, kisha akageuza kiti kumwelekea shemeji. "Hicho kilishikwa na yule mlinzi mwingine. Ulipomwondoa, alikuuliza kama afute na vilivyo karantini?"

Shemeji aliangalia mikono yake. "Aliuliza. Nikasema ndiyo."

Fundi alijaribu mpaka alasiri. Aliwaeleza kwamba kitu kikifutwa hakipotei mara moja. Mahali pake huachwa wazi tu, na ukiendelea kuingiza vingine, vinakaa palepale juu yake. Ndiyo maana ukifuta kwa bahati mbaya unatakiwa kuacha kuitumia kompyuta na kumwita fundi. Wao walikuwa wamepakua kutwa nzima.

"Kwa hiyo hakipo," alisema Mama Pindo.

"Hakipo, mama. Pole sana."

Mama Pindo alilia. Alilia kuliko siku ya msiba, kwa sababu siku ile alikuwa na akiba, na sasa hana. Shemeji alisema amemuua kaka yake mara ya pili. Mama Pindo alikuwa amekasirika, na hakuweza kumwambia kwamba si kweli. Mwishowe akajifuta uso kwa ncha ya khanga.

"Wewe ulikifuta siku moja," alisema. "Mimi nilikaa nacho miezi mitano. Ningeweza kukisikiliza, sikukisikiliza."

Kabla ya kuondoka, Fundi aliwaachia antivairasi moja tu. Fahali wawili hawakai zizi moja, alisema. Antivairasi mbili hushikana zenyewe kwa zenyewe, na kompyuta ndiyo huumia. Hiyo moja waisasishe kila inapoomba, ili ivijue virusi vipya. Mashine ikiuliza swali, wasome mpaka mwisho kabla ya kusema ndiyo, na wasipoelewa waulize mtu. Kisha akanakili vile vitufe sita kwenye flashi mbili. Moja ikabaki kwa Mama Pindo. Nyingine akapewa shemeji akaiweke kwake, maana nakala iliyo nyumba nyingine haifi pamoja na kompyuta.

Sasa kompyuta ya Mama Pindo inafunguka upesi. Maonyo anayasoma mwenyewe, kidole chini ya kila neno. Juzi mashine iliuliza kama ifute kitufe cha pili. Aliyasoma maneno yale mara tatu, akabonyeza Hapana, akaenda kwa Fundi. Fundi aliona kwamba antivairasi iliposasishwa ilikuwa imesahau ile orodha ya kuaminiwa; ilikuwa shaka tupu, kama zile za mwanzo. Kitufe kipo.

Shemeji bado hupita kila jioni akielekea lindoni. Jana alisimama mlangoni, akasema alikuwa na neno la kumwambia, tena neno la muhimu, ila amechelewa kidogo. Atalisema siku nyingine.

Mama Pindo aliondoa mguu kwenye cherehani, akamsogezea kiti.

"Kaa, shemeji," alisema. "Liseme leo."